Marehemu Detmar Osterloh, Mchoraji wa Unga wa Tumbo

Marehemu Detmar Osterloh alizaliwa tarehe 3 Machi 1901 hapa Linden, Hannover, mtoto wa kwanza wa mzee Karsten Osterloh, mfua vyuma, na mama Gesine, aliyefua nguo za watu. Alifuatiwa na mdogo mmoja, Heino, ambaye ndiye mimi ninayesoma wasifu huu. Mchungaji Bredehorst ameniomba niseme mema tu. Nitasema yaliyokuwepo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kwa miaka minane, kisha akaenda shule ya sanaa na ufundi. Nyumba iliweza kusomesha mmoja, akasomeshwa yeye. Heino alikwenda kiwanda cha mpira akiwa na miaka kumi na minne.

Mwaka 1924 marehemu aliajiriwa katika karakana ya matangazo. Alichora sabuni, kahawa na viatu. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Povu la bia alilichora kwa kutazama povu la sabuni, na watu wakashikwa na kiu. Kama wenzake wote wa kazi ile, hakutafuta watu wa kulipwa ili awachore. Aliwakalisha ndugu zake. Na uso aliuchora mwisho siku zote, kwa sababu mwenye bidhaa huweza kubadili mawazo akataka mtu mwingine.

Mwaka 1926 alipewa bango la unga wa tumbo, dawa ya Dokta Ruhland. Zilitakiwa picha mbili: kushoto, penye neno Kabla, mtu ambaye hajanywa unga, kulia mtu yuleyule baada ya kuunywa. Akamwita mdogo wake.

"Kaa hapo, Heino. Vuta mdomo chini. Fikiria umekula samaki wa juzi."

"Halafu?"

"Halafu Jumapili unakuja umenyoa, nakuchora umepona."

Jumapili Heino alifika amevaa koti la baba la kanisani. Kitini alimkuta Lüder, mtoto wa mwenye bucha, mashavu yamejaa, anatafuna soseji.

"Kaka, na mimi?"

"Wewe rudi nyumbani," alisema marehemu bila kuinua macho. "Uso wako hauponi, bwana."

Lüder alicheka mpaka soseji ikamtoka mdomoni.

Bango lilibandikwa kwenye kila nguzo ya matangazo mjini, likakaa miaka minne. Kondakta wa tramu alikuwa akipiga kelele, "Karibu, Kabla! Tumbo vipi leo? Usije ukatutapikia humu!" Kiwandani jina la Heino lilikufa, akabaki Kabla. Binti mmoja aliyekubali kwenda naye dansini alisimama mbele ya nguzo, akatazama bango, akamtazama yeye, akasema kichwa kinamuuma. Heino hakuoa. Mama alipomtaka marehemu aombe radhi, alijibu, "Mama, mji mzima unamjua. Bila mimi angejulikana na nani?"

Tarehe 8 Juni 1929 alimwoa Almuth Wessel. Mikono ya Almuth ilitangaza sabuni. Meno ya binti yao Wiebke yalitangaza dawa ya meno. Shemeji alikuwa akisema, "Sisi tumetapakaa mjini vipande vipande."

Wakati wa Wanazi alichora mabango yao, vijana wa nywele za dhahabu wakitazama juu. Baada ya vita alisema alikuwa akichora sabuni tu. Nimeombwa niyaruke maneno haya. Sikuyaruka.

Januari 1961 alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani. Oktoba alilazwa, na Heino akawa anampelekea supu ya njegere kila Jumatano. Siku moja marehemu alishika kioo cha kunyolea, akajitazama.

"Nani huyu?"

"Kabla," alisema Heino.

"Jibu hilo ulikuwa umeniwekea."

"Miaka thelathini na mitano."

Marehemu alicheka, kicheko kikamuuma, akaomba karatasi na penseli. "Jumatano njoo na tai. Ukae pale dirishani. Na unyoe."

Heino alivaa tai Jumatano tatu. Hakuruhusiwa kuona kinachochorwa. Mtu wa miaka hamsini na miwili, alikaa mgongo wima kama siku ya kipaimara, akingoja kuuona uso wake umepona. Jumatano ya nne alikuta kitanda kimetandikwa upya. Marehemu alikuwa amefariki jana yake, tarehe 14 Novemba, saa kumi alasiri.

Wiebke alinipa ile karatasi. "Baba mdogo, alisema hii ni yako."

Kushoto ni marehemu mwenyewe, mdomo chini, kunyanzi zote zipo, hakujionea huruma. Kulia ni mwanamume mwenye koti. Kola ni safi, fundo la tai limekaa, mabega yamenyooka, hata kifungo kinang'aa. Juu ya kola hakuna kitu. Uso aliuacha mwisho, kama kawaida yake.

Sikuitaka nyumbani kwangu. Jana niliiweka chini ya mikono yake ndani ya jeneza, pamoja na penseli. Niliichonga mwenyewe.

Ameacha mjane, Almuth, binti, Wiebke, wajukuu wawili, na mdogo mmoja. Kahawa na keki ziko kwa shemeji, wote mnakaribishwa.

Detmar, malizia. Ukishamaliza, upumzike kwa amani.