Safu ya Wastani

Basi lilipotoka Katuba, Mwalimu Perpétue alikuwa bado anaikodolea macho kompyuta mapajani. Wazazi walishajaa shuleni wakingoja matokeo, na safu ya wastani ilionyesha fomula tupu badala ya alama.

“Muliweka page yote mu texte?” aliuliza abiria wa kiti cha jirani, mtu asiyemjua.

“Ndiyo, baba. Sifuri za mbele ku namba za banafunzi zilikuwa zinapotea.”

“Njo maana inaona fomula ni maneno, haihesabu. Ile safu ya moyenne muweke mu nombre, njo namba, muandike fomula upya.”

Akaandika moja, akaivuta hadi chini, alama zikajaa. Kidole cha jirani kikasimama kwa Alimasi Yasmine: arobaini na saba. Kupita ni hamsini.

“Ni mutoto yenu?” Perpétue akamuuliza.

Basi likasimama. “Mama mwalimu,” jirani akasema taratibu, “murudishe kwanza ile texte.”