Konsuli wa Treni ya Kamina

Kwenye treni ya kutoka Luena, Tshiala, mwanasaikolojia kijana, alishindwa kunyamaza kwa furaha: Jumatatu angehojiwa na konsuli kwa viza ya kazi Ubelgiji.

"Tujaribu. Miye njo konsuli," alisema jirani yake, mke wa askari, kikapu cha samaki magotini. Konsuli gani ananuka samaki, Tshiala aliwaza, lakini alikaa wima.

"Juu ya nini unaacha kwenu, dada?"

"Weye mama, unawaza ni juu ya nini?" Tshiala alijibu, kama anavyowajibu wagonjwa wake.

"Aa! Konsuli njo anauliza! Atakunyima!"

Wakacheka.

"Haya. Utarudia kwenu lini?"

"Kuko muntu unangojea, mama?"

Yule mama akashusha kikapu. "Bwana yangu. Toka Pasaka, hata simu hapana."

Treni ikasimama Kamina.

"Tushuke?" Tshiala aliuliza.

"Bado," mama alisema. "Uniulize ingine."