Mama Kagua na Gari Jeusi la Mkurugenzi

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu leo mkaja kusimama nasi, familia imeandika karatasi hii isomwe mbele yenu, nayo inamhusu dada, mke, mama na dereva ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kagua, na ambaye kama angekuwa ameketi kati yenu asubuhi hii, angekuwa ameshauliza nani kaiandika, lini, na nani mwingine kaiona.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa tanuri na mshona nguo, na mama yake alipenda kusimulia kwamba hata kabla hajaota meno, akipewa kijiko cha dawa alikitazama kwanza, akamtazama aliyekishika, ndipo akafungua mdomo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule iliyopakana na kituo cha reli, akaendelea na sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, na huko alikabidhiwa ufunguo wa stoo ya vitabu baada ya kugundua, kwa doa la wino kwenye kidole gumba cha mwenzake, ni nani aliyekuwa akichana kurasa za ramani, jambo lililompa sifa kwa walimu na kumpunguzia marafiki, naye hakulijutia wakati ule.

Mwaka 1979 aliingia chuo cha udereva, mwanamke peke yake kati ya wanafunzi ishirini na wanne, akapata leseni tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, akaendesha gari la kusambaza mikate kwa miaka sita bila hata kuvunja taa, na tarehe 2 Novemba 1986 akaajiriwa katika kampuni ya bima, ambako alianza kwa kuendesha gari la barua, kisha tarehe 1 Februari 1988 akaitwa ofisini na kukabidhiwa gari la Mkurugenzi, refu, jeusi tii, lenye rangi inayomwonyesha mtu uso wake mpaka nyusi.

Gari hilo kwa miaka kumi na moja lilikuwa mikononi mwa dereva mwandamizi aliyeitwa Mzee Taratibu, kwa vile hakuwahi kuonekana akikimbiza gari hata siku ya mvua, naye alihamishiwa stoo ya matairi na vilainishi, ikisemwa kwamba magoti yamechoka, na marehemu aliposhika funguo zile na kuingia chumba cha madereva, mmoja akasema kwa sauti ya kutaka asikike, "Haya, tutaona litang'aa mpaka lini."

Wenye magari meusi wanajua taabu yake, gari jeupe unaweza kuliosha Jumatatu likakusitiri hadi Alhamisi, lakini jeusi unamaliza kulifuta, unageuka kuchukua ndoo, ukirudi limeshapokea vumbi, na kila kidole kinachogusa mlango kinaacha mhuri wake, kwa hiyo marehemu alifika kazini saa kumi na mbili kasorobo kila siku, akaliosha, akalikausha, akalizunguka mara mbili, na hapo ndipo alipoanza kuona mambo yasiyo yake, maana alama alizokuta asubuhi kwenye boneti hazikuwa za jioni alipoliacha.

Tarehe 14 Machi 1988, saa sita mchana, Mkurugenzi alitoka na wageni wake, jua likapiga ubavu wa gari, na rangi yote ikaonekana imejaa mikwaruzo midogo ya mduara kama utando wa buibui, Mkurugenzi akainama, akatazama, akamuuliza mbele za watu, "Dereva, hili gari unaliosha kwa mchanga?" na marehemu, ambaye alikuwa na siku arobaini na mbili tu katika kazi ile, alijua kwamba swali la namna hiyo haliulizwi mara tatu.

Tangu siku hiyo hakumwamini mtu, alimshuku mlinzi wa geti kwa sababu alikuwa anamsalimia kwa uchangamfu uliozidi, akamshuku dereva wa basi la wafanyakazi kwa sababu hakuwa anamsalimia kabisa, akaanza kubeba sabuni yake kwenye mkoba na kufungia ndoo yake kabatini, hata chai ya ofisini aliacha kuinywa, na huko ndiko lilikotoka jina la Kagua, walilompa kwa kumcheka, naye akalichukua kama cheo.

Jioni moja mwishoni mwa Mei alinyunyiza poda ya mtoto sakafuni kuzunguka gari, nyembamba kiasi cha kutoonekana, na asubuhi akakuta nyayo zimelizunguka gari taratibu, hatua kwa hatua, za kiatu kilichoisha kisigino upande wa ndani, akazipima kwa kipande cha kamba, akashinda siku nzima akitazama miguu ya watu badala ya nyuso zao, mpaka saa tisa alipopita mlangoni pa stoo ya matairi na kukuta kiatu hicho miguuni mwa Mzee Taratibu.

Shauri lilisikilizwa tarehe 6 Juni 1988 katika ofisi ya Afisa Utumishi, na marehemu alizungumza akiwa amesimama, kwa mpangilio, akataja tarehe zote, akatoa kamba yake, akamalizia kwa kusema, "Anataka gari lake lirudi, ananiharibia ili mimi niondolewe," na yule mzee, aliyekuwa amekaa na kofia magotini, akajibu, "Mwanangu, mimi hupitia kulifuta vumbi tu. Nikifika alfajiri nikiligusa lina vumbi, nakuonea huruma."

Akaombwa atoe hicho kitambaa anachofutia, akakitoa mfukoni mwa koti, kipande cha shuka kuukuu kilichokunjwa vizuri, Afisa Utumishi akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe, zikamwagika chembe za mchanga na za chuma kutoka stoo, akamuuliza, "Na hizi je?" Mzee Taratibu akainama kwenye karatasi ile, akainama zaidi, mpaka pua ikakaribia kuigusa, kisha akasema, "Mbona sioni kitu?" na chumba kizima kikaelewa kwa pamoja kwamba tatizo halikuwa magoti.

Mtu mwenye macho kama yale hakutakiwa hata stoo, ndivyo walivyoamua, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameandikiwa barua ya kuachishwa kazi, huku marehemu akipewa mkono wa pongezi na Mkurugenzi, na kuhusu siku hiyo alikuja kumwambia binti yake, miaka mingi baadaye, akiwa kitandani hospitalini, "Nilikuwa na nafasi ya kusema yule mzee hakukusudia. Mdomo ulikuwa wangu. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshinda."

Wiki tatu baada ya barua ile alikuja kijana mmoja pale yadi, mwalimu wa hesabu, kuchukua koti na kikombe cha baba yake, Mzee Taratibu, akauliza, "Kagua ni nani hapa?" marehemu akajibu, "Ni mimi," akijiandaa kutukanwa, yule kijana akasema, "Baba anakusalimu. Anasema usilioshe juani, sabuni itakaukia kwenye rangi," akachukua mzigo wake akaenda, naye akabaki amesimama na mpira wa maji mkononi, maji yakimlowesha viatu.

Salamu hizo zilimkosesha raha, alizigeuza huku na huku kwa siku nane, kama ni kejeli, kama ni mtego, kama ni vitisho vilivyofungwa kwa heshima, na aliposhindwa kuzijua akaenda mwenyewe nyumbani kwa mzee kuuliza, akapokewa getini na mama wa nyumba ile, aliyemzibia njia kwa mwili mzima na kumwambia, "Umekuja kukagua tulivyobaki?" na sauti ya mzee ikatoka ndani ikisema, "Mwache apite, huyo anajua kazi."

Ndivyo marehemu alivyoanza kwenda pale kila Jumamosi, na mzee akamfundisha kwa mdomo yale aliyoyafanya kwa mikono miaka kumi na moja, kwamba vumbi halifutwi kavu, linamwagiwa maji kwanza litoke lenyewe, kwamba gari huoshwa kuanzia paa kushuka, magurudumu yana ndoo yao na kitambaa chao, kwamba kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye rangi hata kama ulikiona kikianguka pasafi, na alipofika kwenye somo hilo akasema, "Nilikuwa najua yote hayo, mwanangu, isipokuwa sikujua kwamba sioni," na mikwaruzo ile marehemu aliitoa mwenyewe kwa nta na flana laini, kiganja kwa kiganja, kwa miezi minne.

Yule mwalimu alikuwa akiwaletea chai, kwanza akiweka na kuondoka, baadaye akiweka na kukaa, na tarehe 22 Septemba 1990 walifunga ndoa, sherehe ndogo ya watu arobaini uani kwa wazazi wa bwana harusi, ingawa marehemu alimchunguza mchumba wake kwa mwaka mzima, alimuuliza mkuu wa shule, alimuuliza fundi viatu wake, na bado siku ya harusi alisoma cheti mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Mama mkwe wake hakukubali, wala hakuficha, kila marehemu alipoondoka pale nyumbani vijiko vilihesabiwa, kila kikombe alichoosha kilioshwa tena mbele ya macho yake, na marehemu, aliyezoea kuwa yeye ndiye anayetazama, akajifunza namna mtu anavyojisikia akitazamwa, wala hakulalamika, alimwambia mumewe, "Mwache mama, ana sababu."

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1992, ambaye ni mfamasia, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 25 Oktoba 1995, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili ni mashahidi kwamba haikuwezekana kurudi nyumbani kwa mama yao na uongo mfukoni.

Januari 1997 Mzee Taratibu alipoteza macho kabisa, wazee wote wawili wakahamia kwa mwana wao, na kwa kuwa mwalimu aliondoka mapema kwenda shule ya mbali, ni marehemu aliyemwogesha mkwe wake kila asubuhi, akamnyoa ndevu na kumfunga vifungo kabla ya kwenda kazini, mama mkwe akaona hapo pana jambo, "Anatafuta kusemwa vizuri huyu," akaweka kiti nje ya mlango wa bafu na kukaa hapo mwezi mzima akisikiliza, mpaka asubuhi moja akamsikia mumewe anacheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu aachishwe kazi, akainuka, akagonga, akaingiza taulo kwa mkono.

Siku ambazo kazi ilimpitisha njia ya nyumbani saa ya chakula, marehemu alimtoa mzee nje, na mzee akapitisha kiganja juu ya gari jeusi kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, akasema, "Hapa chini ya kitasa umesahau," marehemu akadhani anabahatisha ili amtanie, akainama kuhakikisha, akakuta tone la lami, na mzee aliendelea kumsahihisha hivyo mpaka alipofariki tarehe 12 Julai 2001.

Marehemu aliwahudumia wakurugenzi wanne, akastaafu tarehe 31 Agosti 2018, akanunua gari lake dogo, jeusi, akalileta kwenye mtaa wetu huu ambao vumbi lake nyote mmelikanyaga leo, na majirani walipomshangaa kwa nini asinunue jeupe akastarehe, aliwajibu, "Jeupe lingenificha uchafu, na mimi nataka kuuona."

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa 2022, viatu vilipombana akamtuhumu binti yake kwamba amevibadilisha, akanunua vingine, navyo vikambana, akamshuku muuza viatu, na tarehe 11 Februari 2023 madaktari wakamweleza kwamba ni miguu iliyovimba, na imevimba kwa sababu moyo umetanuka na kuchoka, naye akaomba aelezwe tena na daktari mwingine, chumba kingine, ili aone kama maneno yatafanana, na yalipofanana akasema, "Haya, sasa naamini."

Alilazwa mara tatu, akatibiwa vizuri, na tarehe 3 Mei 2024, siku ya Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto, alituaga, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mama mkwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomsomea jina la kila kidonge kila alipotaka, na hakuacha kutaka, majirani waliochota maji na kukaa nasi usiku na mchana, na wafanyakazi wenzake, madereva wa zamani kwa wapya, ambao tumewaona mmesimama pale nyuma na kofia zenu mikononi.

Shukrani za mwisho ni kwa mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na minane, aliyeketi hapa mbele, kwa sababu tulipokuwa tunaandika karatasi hii baadhi yetu tulitaka tuuruke mwaka 1988, tuseme tu alipanda cheo, naye akapiga meza kwa kiganja akasema, "Andikeni. Mkiruka, watu watadhani kuna kubwa zaidi. Andikeni alimtoa mume wangu kazini, na andikeni alimwogesha miaka minne na nusu, na mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza, nikimvizia akosee, na sikumkuta na kosa."

Tumeandika kama tulivyoagizwa, Mama Kagua, na hakuna tulichoficha, pumzika sasa kwa amani.