Kwa Nini Alikuwa Anageukia Ukuta

Nawasalimu wote, katika jina la Yule aliyenipa vidole kumi na asiniambie vidole vipi ni vya kiume. Mmeanza kucheka mapema. Ngojeni kwanza.

Nyie mnanijua kwa maswali. Mama mkwe wangu alisema, "Mkamwana, wewe unauliza mpaka chumvi imetoka wapi." Basi mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipoolewa hapa Kasokola na kuingia kwaya, swali langu lilikuwa moja. Mbona wanawake ndio wengi, na vyombo vyote viko kwa wanaume? Nikienda Mpanda mjini nasimama dukani nageuza kaseti za kwaya moja moja. Mbele, picha ya akina dada na sare zao. Nyuma, majina ya wapigaji: kaka, kaka, kaka. Muuza duka akaniuliza kama nanunua au nakagua.

Kanisani kwetu gitaa lilikuwa moja. Mpigaji simtaji jina, na nyie msigeuze shingo. Kila alipokaza nyuzi kutafuta sauti, alikuwa anageukia ukuta. Nikamuuliza, "Kaka, huko ukutani kuna nini?" Akasema, "Dada, nyie mna sauti, vyombo vina wenyewe. Imba." Ndugu zangu, nawaambia, lile neno liliniwasha kuliko upupu.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Gitaa lilikuwa kwenye kona. Nikazungusha kipini kimoja cha juu cha kukazia uzi, nikaugusa, sauti ikapanda. Nikazungusha tena, ikapanda tena! Nilifurahi, sikujua pa kuishia. Ule uzi mwembamba ukakatika, ukanichapa hapa shavuni. Alama mnaiona.

Nikalirudisha kwenye kona, nikaenda nyumbani kimya. Kesho yake alikuja mtu wa kuturekodi kaseti yetu ya kwanza. Uzi mwingine ulikuwa wa kuagiza Tabora, uje kwa treni. Yule wa kurekodi akaondoka na mashine yake. Wazee wakamlaumu mpigaji kwamba kakaza kupita kiasi, naye akainama tu. Mimi nimesimama sauti ya kwanza, nimeshawaambia watu kwamba shavu nimechomwa na ukuni.

Sikuimba vizuri tena. Nikifungua mdomo namwona yule kaka ameinama. Wiki ya tatu nikasimama mbele ya wazee nikasema ni mimi. Nikatolewa kwaya. Mzee mmoja akaongeza, "Ndiyo maana tunasema mwanamke asiguse." Hilo liliniuma kuliko adhabu. Kosa lilikuwa langu, wakabebeshwa wanawake wote, hata ambao hawajazaliwa. Niliacha kuimba hata jikoni.

Aliyeniinua ni jirani yangu, bibi mmoja ambaye kwao ni Burundi. Akaja, akakaa, akasema, "Kwetu ngoma ni za wanaume. Nilikuwa msichana nikauliza kwa nini, wakasema, kwa sababu. Sasa nina wajukuu, hiyo sababu bado naingoja." Akanipa kopo tupu la mafuta ya kula. "Anza na hili. Hili halina mzee wa kanisa."

Kopo likawa tumbo la gitaa langu, shingo nilichonga ubao. Nyuzi? Nilifumua waya wa breki ya baiskeli ya mume wangu. Nikasahau kumwambia! Akateremka mlima moja kwa moja mpaka ndani ya mahindi ya watu. Alirudi na majani kichwani: "Mke wangu, huo wimbo na uwe mtamu kweli."

Kukaza sikujua. Lakini kengele yetu ni rimu ya lori, mnaijua. Ilipogongwa, niliguna nayo, nikakaza waya mpaka nao ukaguna hivyohivyo. Waya wa pili nikaupa sauti ya pili, wa tatu ya tatu, kama tunavyoimba. Kumbe nilichohitaji nilikuwa nacho kooni siku zote.

Siku moja yule kaka akapita na gitaa lake, akasimama uani kusikiliza. "Nani kakufundisha kukaza?" Nikamjibu, "Kengele." Akakaa kwenye kinu changu, akasema, "Dada, mimi sijui. Nakisia. Ndiyo maana nageukia ukuta, watu wasione ninavyohangaika."

Jamani! Miaka yote nilidhani kule ukutani kuna siri ya wanaume. Ilikuwa aibu ya mtu mmoja, kama ile yangu ya shavuni. Nikamwomba msamaha kwa ule uzi. Akanipa gitaa nilikaze. Jumapili yeye mwenyewe alinipeleka kwa wazee, akawaambia bila mimi hapigi.

Namshukuru bibi wa kopo, tumeshamzika. Namshukuru kaka aliyekubali kusema sijui. Na mume wangu, baiskeli yake sasa ina breki mbili. Ninalowaachia ni hili: ukiambiwa kitu kina wenyewe, waulize hao wenyewe kama wanakijua. Na ukikosea sema siku hiyohiyo, usimwache mwenzako ainame kwa ajili yako.

Sasa nalikaza hapa, nimewatazama nyie. Mabinti, sogeeni mwone mkono. Anayetaka kujaribu, aje. Uzi ukikatika, tutaagiza mwingine.