Mwanya Nilioziba: Maneno ya Kumuaga Msanifu Wilhelmina Malimi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wakandarasi na mafundi wenzangu, ndugu zetu wa Nyashimo mliokuja kumchukua mtu wenu, wazee wa Nkololo mliopanda lori la pamba tangu alfajiri, mabibi na mabwana. Mwadila, banamhala, nawasalimu wazee wangu.

Mimi ni Mashimba Jilala, mkandarasi wa majengo, mkazi wa hapa hapa Bariadi. Nimepewa dakika kumi na tano za kumuaga Msanifu Majengo Wilhelmina Malimi, ambaye anafunga ofisi yake mwezi huu wa Julai 1999 kwa sababu macho yamegoma kufuata mistari midogo. Kamati ya sherehe imenipa karatasi ya kusoma. Nitaisoma, ila mnivumilie, mimi ni mtu wa mwiko na pimamaji, na kila nikikuta jambo ninalolijua nitasimama nilieleze.

Karatasi inasema Mama Malimi alizaliwa Nyashimo mwaka 1944, akaajiriwa serikalini kama mchoraji wa ramani, akapelekwa Chuo cha Ardhi kule Dar es Salaam, akatoka msanifu kamili, akapangiwa kazi Dodoma. Hayo ni kweli. Lisiloandikwa ni kwamba miaka ile ramani ilikuwa moja kwa nchi nzima. Darasa la Mtwara ndilo darasa la Bukoba, na ndilo lililoletwa kwetu, dirisha kwa dirisha, kana kwamba jua linawaka sawasawa kila mahali. Aliwahi kuniambia kwamba alichora zahanati ile ile mara arobaini, akibadilisha jina la kijiji pembeni tu, na kwamba siku moja alikosea akaandika jina la kijiji cha ziwani kwenye ramani ya kijiji cha mlimani, na hakuna aliyegundua mpaka leo.

Mwaka 1993 akapunguzwa kazini, kama walivyopunguzwa wengi mlioko humu. Wenzake walinunua pikapu, wengine mashine za kusaga. Yeye akaja Bariadi, akapanga chumba nyuma ya duka la saruji na mabati, akaweka meza yake ya kuchorea na kibao mlangoni. Tulicheka. Nani angemlipa mtu kwa ajili ya kuchora nyumba, wakati kila fundi hapa mjini ana nyumba kichwani mwake?

Lakini mnakumbuka wakati wenyewe. Biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, vinu vipya vikaota, na kila mtu akataka jengo, tena alitake mwaka huo huo. Wasanifu wakaja pia, kutoka Mwanza na hata Dar es Salaam, na sitaki kuwasema vibaya kwa sababu wengine ni hodari kuliko tulivyozoea. Mmoja wao alituchorea ofisi yenye vioo mbele kutoka chini hadi juu. Ilipendeza sana. Kufika saa saba mchana makarani wote walitoka na madaftari yao wakakaa kwenye kivuli cha lori, na lori lilipoondoka walihamia kwenye kivuli cha lori jingine. Yule bwana alianza na picha ya jengo, kisha akatafuta mahali pa kuliweka. Mama Malimi alianza na mahali.

Ukimpa kazi, hakukuonyesha picha. Alichukua kigoda chake na mabuti yake ya mpira, akaja kukaa kwenye kiwanja chako siku nzima. Anauliza upepo unatoka wapi. Anauliza ng'ombe wanapita wapi jioni. Anauliza wanawake wakirudi kisimani wanatua wapi ndoo. Mimi mara ya kwanza nilimwuliza kama amekuja kujenga au kuposa. Akanijibu kwamba kuposa ni rahisi zaidi, maana mchumba anaweza kusema hapana, kiwanja hakisemi.

Na kubwa kuliko yote, aliuliza udongo. Wageni wetu kutoka mbali niwaeleze: huku tuna luseni, ambao ni mchanga, na tuna mbuga, ule udongo mweusi unaozaa pamba. Mbuga kiangazi hukakamaa na kupasuka, ukitembea unaweza kuvunjika mguu. Ikinyesha, unavimba, unanyanyua kila kilicho juu yake. Na sisi tunajenga lini? Tunajenga Julai na Agosti, pamba ikishauzwa, pale pale mbuga inapotudanganya kwamba ni mwamba. Hilo ni kosa letu la miaka yote, kwa wenye digrii na wasio na digrii.

Sasa nafika kwenye wodi ya wazazi. Ipo kwenye kijiji kimoja cha kata ya Nkololo, wenyewe mpo mnakijua. Mwaka 1995 wanakijiji walichangia pamba yao, wakampa Mama Malimi kazi ya kuchora na mimi kazi ya kujenga. Alikaa na kigoda chake siku tatu. Akachora madirisha yaliyoshuka chini, ili mama aliyelala aone nje bila kunyanyuka. Akachora jiko la nje kwa ajili ya mabibi wanaowasindikiza binti zao. Kisha akachora milango miwili, mmoja upande wa mashariki na mmoja magharibi. Nikasema huyu anatumalizia mbao. Akaniuliza kama mimi, Mashimba, naweza kukutana na mama mkwe wangu mlangoni tukapishana bega kwa bega. Kwetu mkwe unamkwepa kwa heshima, na wanaume wengi walikuwa hawaendi kuwaona wake zao hospitali kwa sababu mama mkwe amekaa mlangoni. Leo wanaume wanaingia mashariki, mabibi wanaingia magharibi, na watoto wanaonwa na baba zao siku ya kwanza. Hakuna ramani ya Dodoma iliyowahi kufikiria hilo.

Alitaka msingi usubiri mvua ipite kwanza. Wanakijiji wakakataa, mimi nikiwa mbele yao. Basi akasema: mkitaka kujenga kiangazi hiki, nyumba iwe vipande vitatu chini ya paa moja, na kati ya kipande na kipande muache mwanya wa vidole viwili, kuanzia msingi hadi juu, usiguswe. Mbuga ikivimba, kila kipande kitacheza peke yake. Akauchora mwanya ule kwa kalamu nyekundu.

Mabibi na mabwana, fundi wa kwetu anapimwa kwa kiganja. Siku ya kukabidhi nyumba, mzee mwenye nyumba hupita akipapasa ukuta, na akikuta tundu linaloingiza kidole, jina lako limekwisha sokoni. Mimi niache mianya miwili inayoingiza mkono? Mama Malimi alikuwa Mwanza miezi miwili, akitibiwa haya haya macho. Na mimi nikajiambia kwamba mwanamke wa watu anaumwa macho, amesahau kuunganisha nyumba, ngoja nimfichie aibu. Nikaiziba mianya yote miwili kwa tofali na saruji nzito, nikapiga lipu, nikapaka chokaa. Wodi ikazinduliwa bila yeye. Wazee wakapita wakipapasa ukuta, hawakukuta tundu, wakanipa mbuzi.

Januari mvua zikashika. Ukuta ulipasuka kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Mama mmoja anaitwa Kwandu alikuwa amejifungua jana yake. Walimhamishia barazani na kichanga chake, mvua ikiwapiga miguuni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Mhandisi mmoja akaja kukagua, na wajumbe wa kijiji, na Mama Malimi ambaye alikuwa amerudi, ramani ameikunja mkononi.

Mhandisi akaniuliza mbele ya watu wote: je, mlijenga kama ramani ilivyoelekeza?

Nikasema: "Tulifuata ramani."

Mama Malimi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Lipu ilikuwa imebanduka, tofali zangu zinaonekana mahali ambapo hapakutakiwa tofali. Aliziangalia, akaniangalia mimi. Kufungua ile ramani kungemchukua muda gani? Hakuifungua. Alimwambia mhandisi kwamba jengo ni lake na yeye atalirekebisha.

Walipoondoka nilimfuata. Sikumwomba msamaha, nilimwuliza tu kwa nini. Alinijibu kwa sauti ya chini, kama anayenielekeza vipimo:

"Ukifukuzwa leo, Mashimba, nani atavunja huu ukuta? Atatafutwa mkandarasi mwingine miezi mitatu, na wale wazazi wako barazani. Vunja kwanza. Ya kusema utayasema mwenyewe."

Tulivunja siku nane. Nilikata mianya yote miwili kwa patasi yangu mwenyewe, vidole viwili, kama alivyochora. Tangu siku ile mvua za miaka mitatu zimepita na wodi haijapata hata mstari wa unywele. Nendeni mkaione.

Lakini ya kusema sikuyasema. Mji ukampa jina, mnalijua, Mama Ufa, watu wakalitamka madukani akiwa amesimama pale pale. Kampuni moja ya pamba ilikuwa imempa kazi ya ofisi zake. Ikamnyang'anya, ikampa yule bwana wa vioo. Mimi nilipata kazi nyingine, kwa sababu nilikuwa fundi mwaminifu aliyeponzwa na ramani. Tumejenga pamoja majengo manne baada ya hapo, tumekula ugali sahani moja, na hakuna siku aliyonigusia hata kwa utani. Niwaambie ukweli, ningependa angenitukana.

Sasa karatasi ya kamati. Aya ya tatu kwanza iliandikwa hivi: "Licha ya kasoro ya kitaalamu iliyojitokeza katika wodi ya wazazi, Mama Malimi ametoa mchango mkubwa kwa wilaya yetu." Kamati haina lawama, imeandika inachokijua. Juzi nilimwendea katibu wa kamati, Ndugu Shija, nikamwomba aiondoe sentensi hiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni ndefu. Jana akaniletea karatasi mpya, ameifupisha: "Licha ya kasoro ya wodi." Yaani hata kwenye kumtetea nilifanikiwa kumwumiza kwa maneno machache zaidi.

Kwa hiyo aya ya tatu siisomi. Ninasema hivi, na wenye kalamu waandike: ramani ya Wilhelmina Malimi ilikuwa sahihi. Mwanya aliuchora. Mimi Mashimba niliuziba bila ruhusa yake, na nilipoulizwa nilisema uongo. Kasoro ya kitaalamu ilikuwa yangu, na ya uungwana pia.

Ndugu Mkurugenzi, najua kwamba Halmashauri inatafuta msanifu wa wodi mpya za hospitali ya wilaya. Najua Msanifu Goodness Limbu, anayerithi meza ile na kazi zote, ameomba. Na najua kuna waheshimiwa waliosema kwamba hao ni wale wa wodi iliyopasuka, kwa sababu nilikuwepo waliposema, nikakoroga chai yangu. Sisemi mpeni kazi. Goodness ana ramani zake, zitajisemea. Nasema msimnyime kwa kosa langu. Bahasha hii ina maelezo yangu yote, yamepigwa chapa na kuwekwa sahihi mbele ya hakimu, pamoja na nakala ya ramani yenye kalamu nyekundu. Naomba iingie kwenye jalada la jengo lile. Zabuni yangu mimi ya kujenga wodi hizo nayo ipo mezani kwenu. Mkiona inafaa kuiweka pembeni, iwekeni. Nitanung'unika nyumbani kwangu.

Mama Malimi, nakuona umeinama. Sitaki useme neno, umeshabeba ya kutosha na mtu aliyezoea kubeba tusimwongezee kazi ya kusamehe hadharani. Nilikuogopa miaka mitatu na nusu, wewe usiyejua hata kufoka. Nimejifunza kwako namna ya kukaa kwenye kiwanja kabla ya kukichimba. Ningejifunza na mengine mapema, tusingefika hapa na mvi hizi. Wabeja sana, mama, asante sana. Wabeja kwa ukuta, na kwa wale waliokuwa barazani.

Namshukuru Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya kwa kukubali kuwa mgeni rasmi, naishukuru kamati kwa kunipa karatasi nzuri ambayo sikuitendea haki, na nawashukuru nyote kwa utulivu mlioniachia, maana nilihofia mtanikatiza na mimi ningefurahi kukatizwa.

Nimebakiwa na ombi moja, kwa ndugu zetu wa Nyashimo. Mnaondoka naye kesho. Huko mtakutana na watu waliowahi kusikia habari za Bariadi, na watauliza, maana watu huuliza, ni nani yule aliyepasua wodi ya akina mama. Msiseme hamjui, wala msimwache yeye ajibu. Semeni ni Mashimba, mtoto wa Jilala, na kwamba aliyesema ni yeye mwenyewe.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.