Vitambaa vya Kochi

Mzee Leopoldi alijifanya amesinzia, maana ndani ya basi la Okolona, huku ughaibuni, hakuna redio inayowashinda kina mama wawili waliojuana dakika tano zilizopita. Goreth, anayefua mashuka kwenye makao ya wazee, alikuwa akieleza kwamba daktari amesema kikohozi cha mwanawe kinaletwa na vumbi la nyumbani.

"Mutoto analalaka wapi?" akauliza Bulonza, mama wa Kivu aliyeketi kando yake.

"Ange? Kwenye kochi."

"Na kochi umevalisha vitambaa."

"Mama yangu alivifuma kambini, tulipokuwa wakimbizi. Tangu tufike sijavitia maji, nachelea vitasinyaa."

"Bon, mama Ange. Shuka ya bazee unafulaka kila siku na maji ya moto, donc ya mutoto inangoja nini? Vitoe leo."

Leopoldi nusura aseme amina.

"Leo haiwezekani," Goreth akasema, akivuta kamba ya kengele. "Jioni wanakuja watu wa maombi. Niwakalishe kwenye kochi tupu?"

"Banakuya kuombea nini?"

Basi likasimama. Goreth akakusanya mikoba yake.

"Kikohozi cha Ange," akasema, akashuka.