Mama Fyuu na Baba Aliyebaki Kigoda

Marehemu, ambaye hata wasiolijua jina lake la kuzaliwa walimwita Mama Fyuu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kitinda mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Dada zake wanne walikuwa wapole. Yeye alipoanza kusema, walisema nyumba imepata redio isiyozimika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1982. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila siku alipomwigiza mwalimu mkuu, mwenyewe alikuwa amesimama dirishani. Alipewa adhabu ya kufagia ukumbi. "Adhabu ni ya kelele," mwalimu alimwambia. "Ule mwendo wangu umeupatia."

Alifanya kazi ya kupokea simu katika kiwanda cha mablanketi, na jioni akaigiza na kikundi cha ukumbi wa manispaa. Huko ndiko alikoonekana, na mwaka 1996 akachukuliwa kuwa mama katika kipindi cha televisheni cha Nyumba ya Mazingaombwe. Wenye umri wanakikumbuka. Familia ya kawaida kabisa, ila mama akinyoosha vidole viwili na kusema "Fyuu!", sufuria zinajiosha zenyewe, na paka wa jirani anaoshwa humo humo.

Kipindi hakikumaliza mwaka. Katika sehemu iliyokuja kuwa ya mwisho, mama alikasirishwa na mumewe, akamgeuza kigoda. Kabla hajamrudisha, mama mkwe akapiga hodi, akaingia, akamkalia mwanawe, akauliza, "Huyu mwanangu mbona siku hizi haonekani?" Watu walivunjika mbavu. Wiki iliyofuata baba alikuwa arudi. Mdhamini akajitoa, kituo kikaweka mieleka mahali pake, na baba wa watu akabaki kigoda.

Fundi seremala aliyejenga nyumba ile ya mbao studioni, na kigoda chenyewe, ndiye aliyekiokoa siku ya kubomoa. Alikibeba hadi mlangoni kwa marehemu. "Dada, nimekuletea mumeo."

"Karibu ndani," alijibiwa. "Lakini mimi nikae na kigoda au na fundi?"

Walifunga ndoa tarehe 18 Julai 1998, wakajaliwa binti na mwana. Kigoda kiliwekwa sebuleni chini ya dirisha, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata aliyekichonga. Mgeni akijisahau, marehemu alimwambia, "Samahani shemeji, hapo pana mtu." Sokoni nako muuza nyanya hakumpimia kabla ya kuuliza, "Yule baba bado tu?" Naye akajibu, "Bado, mwenzangu. Walau haombi chai."

Lakini lipo jambo ambalo hakulitania. Mara tu kipindi kilipokatwa, alialikwa katika shule moja, na mtoto wa kike wa darasa la pili akamshika gauni. "Mama Fyuu, baba alirudi?"

"Wiki ijayo, mwanangu," alijibu kwa mazoea.

Mtoto akasema, "Hata wangu, mama anasema wiki ijayo."

Mwalimu alimweleza pembeni kwamba baba wa mtoto yule aliondoka nyumbani, na hakuna aliyejua aliko. Tangu hapo marehemu alihangaika ile sehemu iliyobaki itengenezwe. Alikwenda kituoni hadi mlinzi akamzoea. Alimbembeleza mtunzi, akatafuta hata kamera ya kuazima. Kisha yule bwana aliyeigiza mumewe akafariki. Marehemu alirudi kutoka mazishini, akavua viatu, akakaa kitandani. "Sasa nani atarudi?" alimuuliza mumewe seremala.

Mwezi Agosti 2022 alipatwa na kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote. Redio ikazimika. Binti alimlisha, mwana alimgeuza kitandani, na mume alimsomea magazeti hadi matangazo ya vifaa vya ujenzi. Mlango wa chumba ukiwa wazi, macho yake yalikwenda dirishani sebuleni, yakatulia pale chini.

Jumapili moja asubuhi, mume alikileta kigoda kando ya kitanda, akakikalia. Marehemu alimtazama. Kisha akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akapuliza. Neno halikutoka, ulitoka upepo tu.

Mzee akasimama, akanyoosha mgongo, akajipangusa vumbi. "Mama watoto, nimerudi," alisema. "Lakini yule mama yangu ni mzito, jamani!"

Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa uso. Machozi yalimtoka pande zote mbili.

Alifariki nyumbani siku ya Jumatano iliyofuata, tarehe 12 Aprili 2023, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja na dada wawili. Kigoda kipo hapa kando ya jeneza, na aliyekikalia ni mjukuu. Tafadhali asiinuliwe, sasa hapo hapana mtu.

Na yule mtoto wa darasa la pili, ambaye leo ni mtu mzima, kama yuko kati yetu au habari hii itamfikia, aambiwe kwamba baba alirudi. Alichelewa sana, lakini Mama Fyuu alimrudisha.

Alale kwa amani. Kazi yake ameimaliza.